Pambo la Nyumba na Kiasi cha Mfuko

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutandikia ardhi, akatuinulia mbingu pasipo nguzo tuzionazo, akatujaalia nyumba tuzirejeazo jioni tukapumua. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye vyumba vya wake zake, kama alivyosimulia Hasan al-Basri aliyeviingia akali kijana, dari yake mtu aliigusa kwa mkono wake. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Sababu ya kuandika waraka huu ni kijana mmoja wa hapa Kariakoo, ambaye alinijia msikitini baada ya sala ya alasiri, watu wamekwisha kutawanyika, akakaa mbele yangu na uso umemshuka. Akaniambia, “Maalim, nimeposa, nimekubaliwa, na mahari nimekwisha kutoa. Lakini shangazi zake mchumba wangu wamesema watakuja kukitazama chumba kabla ya siku ya ndoa, nami chumbani mwangu sina ila godoro na ndoo. Nikipambeje, na fedha iliyobaki haifiki hata ya kununulia kochi moja? Nimekwisha kuahirisha ndoa mara mbili kwa ajili hiyo, na sasa yuko mtu anataka kunikopesha.”

Nakiri kwamba mara ya kwanza niliona swali lenyewe ni dogo, tena la kike, nikataka kumjibu kwa maneno mawili niinuke. Kisha nikatafakari. Ndoa imeahirishwa mara mbili. Vijana wawili waliokwisha kupatana kwa halali wanazuiliwa, na kinachowazuia si mahari wala si walii: ni makochi. Tena mlango wa riba umekwisha kufunguliwa nusu. Basi hilo si swali dogo, ndugu zangu, nami nikamwomba anipe siku chache nimjibu kwa kalamu, ili na wengine wenye shida kama yake wapate kusoma.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba pambo si haramu. Nalitanguliza hili kwa sababu wako watu miongoni mwetu wakisikia nyumba imepambwa hukunja nyuso, kana kwamba ucha Mungu ni kukaa katika giza na utando wa buibui. Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anazihesabu nyumba katika neema zake, kwamba amezifanya mahali pa kutulia. Kisha hakuishia kwenye kuta, bali akataja na sufi na manyoya na nywele za wanyama, ambazo watu hufanya vyombo na matandiko ya kustarehea kwa muda. Na katika Sura ya Al-A'raf anauliza, kwa namna ya kukanya, ni nani huyo aliyeliharimisha pambo ambalo Mungu amewatolea waja wake. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa khabari ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, kama hicho ni kiburi, alieleza kwamba Mungu mwenyewe ni mzuri naye hupenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tazama basi alipoupeleka mpaka: hakuuweka katika kitambaa, aliuweka katika moyo na katika jicho analotazamiwa jirani.

Lakini mpaka upo. Wale waliosifiwa katika Sura ya Al-Furqan ni wale ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi choyo, bali husimama katikati. Na wafujaji katika Sura ya Al-Israa wamefanywa ndugu za mashetani, na udugu huo hakuna mtu apendaye kuhudhuria karamu yake. Na iko hadithi aliyoipokea Jabir, iliyo katika Sahihi Muslim, ambayo kila aingiaye duka la vitanda ingefaa aikumbuke: kwamba tandiko moja ni la mume, la pili la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne ni la Shetani. Wanavyuoni walieleza kwamba makusudio si kuhesabu magodoro. Mwenye watoto wanane atahitaji mengi na hana dhambi. Makusudio ni kile kizidicho haja, kilichowekwa ili kionekane. Nami nimeingia nyumba nyingi katika mji huu wa Dar es Salaam ambazo tandiko la nne ndilo lililo sebuleni, limevikwa nailoni la dukani halijavuliwa, na watoto wamekatazwa kulikalia, na mama mwenye nyumba mwenyewe hukaa chini. Basi kochi hilo ni la nani?

Wazee wetu wa mji huu walikuwaje? Kariakoo hii jina lake ni la Vita Vikuu vya kwanza, pale Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 na wapagazi wa jeshi lao, ile iliyoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, wakawekwa kambini hapa. Ulimi wa Kiswahili ukalisaga neno hilo likawa Kariakoo. Nyumba zilizojengwa baadaye zilikuwa za miti na udongo, kwanza za makuti, kisha za makopo na mabati, na ramani yake tunaijua sote: baraza mbele, ukumbi unaopasua katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma wenye jiko na choo. Aliyepanga alipanga chumba kimoja, na maisha yake yote yalikuwa humo na barazani. Pambo lake lilikuwa chokaa nyeupe ukutani, mkeka wa ukindu uliosukwa kwa rangi, kitanda cha kamba kilichotandikwa shuka iliyotariziwa, kasha la misumari ya shaba kwa aliyejaliwa, chetezo cha udi, na kanga. Katika vitu hivyo hakuna hata kimoja kisichokuwa na kazi. Kasha lilihifadhi nguo, udi ulifukuza harufu ya unyevu, mkeka ulikaliwa mchana ukalaliwa usiku ukasaliwa alfajiri.

Wala msidhani kwamba watu wa pwani hawakujua anasa. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Unguja walichonga zidaka ukutani, safu juu ya safu, wakapanga ndani yake vyombo vya kaure kutoka Uchina. Na hapa hapa kaskazini ya mji wetu, Kunduchi, yako makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani za Kichina, na hata leo mtu akienda ataona palipokuwa na sahani hizo. Wenye mali waliishi kwa mali zao. Lakini yule wa chumba kimoja cha Kariakoo hakukopa ili afanane na yule wa jumba la mawe, na ndipo ilipo tofauti yao na sisi.

Sasa nyumba za ukumbi zinakwisha moja baada ya moja, na mahali pake yanapanda maghorofa yanayotazamana dirisha kwa dirisha. Mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, naye kabla hajakaa vizuri huanza kutazama katika simu yake picha za nyumba za watu wa mbali: dari za jipsamu zenye taa za rangi, kuta zilizobandikwa karatasi za maua, mazulia ya manyoya, televisheni yenye upana wa mlango. Picha hizo zimepigwa mara nyingi kwa ajili ya kuuza vitu. Hakuna aliyepika samaki humo. Naye hutaka chumba chake cha futi kumi kwa kumi na mbili kiwe vile.

Nilimjua mtu mmoja, Mungu amfariji, mwenye mke na watoto wawili, mchuuzi wa viatu. Jirani yake alinunua seti ya makochi, na mkewe akasema neno moja tu jioni, si zaidi. Asubuhi mtu huyu akaenda kwa wakopeshaji wale ambao watu wa Dar es Salaam wenyewe wameipa mikopo yao jina la kausha damu, na katika majina yote yaliyopata kutungwa mjini humu sijaona lililosema kweli kuliko hilo. Makochi yakaja juu ya mkokoteni. Hayakupita mlangoni, yakafunguliwa miguu, yakapindwa, ukuta wa ukumbi ukachubuka, mwenye nyumba akadai alipwe. Yalipoingia, chumba kikajaa. Pale alipokuwa akitandika mswala pakawa ni pa meza ya kioo, naye akawa anasali ukumbini, watu wakimpita mbele. Mama yake alipokuja kutoka shamba kutibiwa macho hakuwa na mahali pa kunyosha mgongo, akalala amejikunja juu ya kochi kama mtoto. Kila wiki mkopeshaji alikuja, na kila wiki fedha ya viatu ikapungua, hata ukafika wakati hakuwa na viatu vya kuuza. Hazikutimia wiki nane. Walikuja mchana, mbele ya majirani wale wale, wakayatoa makochi kwa njia ile ile yaliyoingilia, wakachukua na televisheni na jiko la gesi. Na deni likabaki, kwa kuwa faida ilikuwa imekwisha kulizidi deni lenyewe. Mkewe, alipokuwa akinisimulia, hakulia kwa ajili ya makochi. Alisema, “Maalim, mimi nilisema tu kwamba ni mazuri.”

Sitarefusha maneno juu ya riba, kwa kuwa hapana Muislamu asiyejua kwamba Qur'ani imewatangazia walaji wake vita vya Mungu na Mtume wake, na kwamba Mtume (S.A.W.) aliwalaani mwenye kuila na mwenye kuitoa na mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili. Nataka kuuliza swali moja tu: je, mtu mwenye akili angeiingia vita hiyo kwa ajili ya mto wa kuegemea?

Wako watakaosema, basi maskini asipate kitu kamwe? Hapana. Ziko njia, na mojawapo akina mama wa mji huu wameijua muda mrefu kuliko mabenki, nayo ni upatu. Watu kumi hutoa kiasi kimoja kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao huchukua chote, hata duru itimie. Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi; al-Qalyubi amelitaja katika hashia yake kuwa ni desturi iliyojulikana baina ya wanawake, akanakili kutoka kwa al-Wali al-Iraqi kwamba yafaa. Sharti ni kwamba atoaye apate alichotoa, bila ziada wala punguzo, na asitoroke aliyekwisha kuchukua. Nyingine ni kungoja. Kungoja siku hizi huonekana aibu, lakini nyumba iliyojazwa kwa miaka mitano, kitu kimoja kimoja, kila kitu ndani yake kina khabari yake. Mwenyewe akikuonyesha kabati atakuambia ni la mwaka aliozaliwa fulani. Iliyojazwa kwa siku moja ina khabari moja tu, nayo ni ya deni.

Tuje kwenye kuta, maana humo ndimo fedha nyingi hupotelea. Bwana wetu Abu Ayyub al-Ansari, yule aliyempokea Mtume (S.A.W.) nyumbani mwake alipohamia Madina, aliitwa katika karamu ya harusi nyumbani kwa Abdallah bin Umar. Alipofika akaona ukuta umevishwa pazia. Ibn Umar akatoa udhuru kwamba wanawake wamemshinda nguvu. Abu Ayyub akamjibu kwamba wapo ambao angewakhofia jambo hilo, lakini si yeye. Akaapa kwamba hatakula chakula chake, akarejea. Khabari hii Imam al-Bukhari ameitaja katika mlango wa ndoa, nami kila niisomapo hucheka kidogo kwa ajili ya Ibn Umar, kwa kuwa udhuru wake nausikia hapa Kariakoo kila wiki, tena kwa maneno yale yale.

Na katika hadithi ya Bibi Aisha, iliyo katika Muslim, Mtume (S.A.W.) aliondoa kitambaa kilichotundikwa, akabainisha kwamba Mungu hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Imam an-Nawawi katika sherehe yake amesema kwamba kuvisha kuta ni makuruhu, si haramu, na kwamba hiyo ndiyo kauli iliyo sahihi. Na Sheikh Nasr al-Maqdisi katika wenzetu wa Shafi akasema ni haramu. Ikiwa ni hariri, hapo hapana nafasi kwa wenye madhehebu. Lakini tafadhali msichanganye mambo: pazia la dirisha na la mlango ni sitara. Katika maghorofa haya ambayo mtu akifungua dirisha huona jirani anavyokula, pazia si anasa, ni wajibu unaokaribia ule wa nguo. Ninalolikataza ni hili la siku hizi la kuning'iniza mapazia ya mita nyingi kutoka dari hata chini juu ya ukuta mtupu usio na dirisha nyuma yake, ili mgeni adhani kuna dirisha. Huo ni uwongo wa kitambaa.

Na Bibi Aisha huyo huyo ametufundisha jambo jingine, nalo ndilo kiini cha jibu langu kwa kijana. Alikuwa amefunika kishubaka cha chumba chake kwa pazia lenye sura za viumbe. Mtume (S.A.W.) aliporudi safari akaliona, uso wake ukabadilika, akalishusha. Bibi Aisha alifanya nini? Hakulitupa. Alilikata akashona mto, na katika riwaya nyingine mito miwili, na Mtume (S.A.W.) akawa akiiegemea. Kitambaa ni kile kile. Kilipokuwa juu kinatukuzwa kilikatazwa, kilipokatwa kikawekwa chini ya ubavu wa mtu aliyechoka kilikubaliwa. Wala hakikwenda kununuliwa kingine.

Basi ewe mwanangu, anza kwa chokaa. Nunua mfuko, changanya, paka mwenyewe siku ya mapumziko na rafiki zako wawili. Chumba chenye dirisha moja kikipakwa cheupe huongezeka nuru bila taa, na hewa ya pwani hii yenye chumvi na unyevu hubandua rangi za mafuta zikaachana na ukuta kama ngozi ya mjusi, hali chokaa huuacha ukuta uvute pumzi. Lakini muulize kwanza mwenye nyumba. Ukuta si wako; hata msumari unaopigilia ni katika mali ya mtu, na ruhusa yake ni haki yake. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke fedha yako katika dari wala vigae vya nyumba ya kupanga. Weka katika vitu ambavyo mkataba ukiisha utavitwika.

Chini tandika mkeka. Najua zulia la manyoya linapendeza katika picha. Lakini mtoto akikojoa juu yake, ulitoharishe vipi katika ghorofa ya nne, ambako maji hupanda kwa zamu? Litabaki na najisi, na mtu atasali juu yake bila kujua. Mkeka huuchukua kwa mkono mmoja, ukaumwagia maji, ukauanika, na kabla ya magharibi umekauka. Na mikeka ya ukindu ya Mafia na Rufiji na Pemba, kwa rangi zake za zambarau na kijani na nyekundu, ni pambo lisilohitaji kushindana na mtu. Tena fedha yake huenda kwa mama aliyesuka ukili kwa vidole vyake.

Mapazia shona kwa kanga au kwa kitambaa cha jora. Katika maduka ya vitambaa ya Kariakoo huuzwa vipande vya mwisho wa jora kwa bei ndogo, na mwenye kuvingoja huvipata. Vitambaa vya kufuma kwa sindano, ambavyo mama zetu walivitandika juu ya kila kiti na kila redio, msivicheke. Mchumba wako, nimesikia, anajua kufuma, na kazi ya mkono wake mwenyewe ndiyo itakayokifanya chumba kiwe chenu, kisiwe cha duka. Katika mitumba ya Ilala mtu mwenye subira hupata shuka na mapazia mazito yaliyovaliwa kidogo. Fua kwa maji ya moto, anika juani. Na ukinunua kitanda au kiti kilichotumika, kichome jua siku mbili tatu na ukimwagie maji yanayochemka katika viungo vyake, kwa kuwa kunguni hawaachi urithi kwa upole.

Kitu cha mbao nunua kimoja kizuri kuliko vitatu vibovu. Mbao za mninga au mkongo zitamfikia mjukuu wako, hali zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi zikinyweshwa mvua moja ya masika huvimba kama mkate. Nenda kwa mafundi wa Keko, pindua kiti juu chini, tazama kilichofichwa chini ya kitambaa, ndipo uulize bei.

Na hapa nina neno kwa mafundi na wauzaji, ambao wengi wao ni watu wa safu za mbele misikitini. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke unyevu huo juu watu wauone, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Sasa ni nani anayeuvika ubao wa sanduku la kufungia mizigo kitambaa chenye kung'aa, akauuza kwa jina la mninga? Mkono wa mnunuzi haufiki ndani. Lakini uko mkono ufikao.

Ikiwa wataka kuona kwa macho jinsi uzuri unavyoweza kutoka katika haja yenyewe, tazama Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa: yaingiza nuru, yapitisha upepo, yakinga maji ya mvua yakashuka katika matangi ya chini. Hakulipachika ua wala nakshi, na watu walitoka nchi za mbali kulitazama. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua, na wengi waliolala wana mali waliamka hawana. Nalitaja hilo bila kufafanua. Wenyewe mnajua mliyoyaona asubuhi ile.

Juu ya picha na maandishi ukutani nitapita upesi, kwa kuwa yameandikwa sana. Sanamu zenye kivuli za viumbe wenye roho ziacheni. Picha za kamera wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i wa Misri, aliyefariki mwaka 1935, aliandika kuzijuzisha, na wengine wakakataa. Mwenye picha ya marehemu baba yake katika kabati sina ugomvi naye. Lakini aya za Qur'ani zilizopigwa chapa ya dhahabu juu ya plastiki, zikatundikwa juu ya televisheni inayocheza ngoma, hilo linanichoma. An-Nawawi ametaja katika kitabu chake cha At-Tibyan kwamba madhehebu yetu yachukia kuzinakshi kuta na nguo kwa Qur'ani. Msahafu mmoja mahali pa juu, wenye alama ya kusomwa, watosha.

Bado shangazi. Hao, mwanangu, wakija wapokee kwa heshima, wala usiwaonee haya. Umar bin al-Khattab aliingia kwa Mtume (S.A.W.) akamkuta amelala juu ya mkeka, alama zake zimejichora ubavuni mwake, na chini ya kichwa chake mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, Umar akalia, akakumbuka Kisra na Kaisari walivyo katika starehe zao. Mtume akamuuliza kama haridhiki kwamba hao wawe na dunia, nao wawe na akhera. Mgeni alikuwa Umar, na mwenye nyumba hakuinuka kutafuta kochi la kuazima. Nawe fagia, fukiza udi, weka maji baridi na tende na kahawa. Wakiketi mkekani, miguu yao itakuwa pazuri na nyoyo zao pia, kama ni watu wema; na kama si watu wema, hata makochi ya kifalme watayaona yamepinda.

Na enyi shangazi, mtakaosomewa haya, nawauliza kwa adabu: mnakwenda kutazama chumba, au mnakwenda kumtazama mtu?

Limebaki jambo ambalo kijana hakuniuliza, nami nimeliona likiwavunja watu wengi kuliko riba. Vitu vya ndani ni vya nani? Mke amekuja na kabati na vyombo alivyopewa na mama yake. Mume amenunua kitanda. Pazia limeshonwa na mke kwa kitambaa cha mume. Zawadi za harusi zimetoka pande zote. Wakiachana, au mume akifa, ndugu huingia na kuhesabu hata vijiko. Mke ana fungu lake la urithi, thumni akiwapo mtoto, rubui asipokuwapo. Lakini fungu hilo hutoka katika mali ya marehemu tu, na kilicho cha mke mwenyewe hakiingii katika mirathi kamwe, ni chake kizima. Na alichompa mkewe hali yu hai kikapokewa, kimekwisha kuwa cha mke, Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kurejea katika zawadi yake na mnyama ambaye sipendi kumtaja katika waraka wa ndoa. Serikali nayo ina sheria yake ya ndoa ya mwaka 1971, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilitambua kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini ni nani apendaye kufika huko kwa ajili ya kabati?

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni, ndogo au kubwa. Nikamwambia kijana alete daftari. Tukakaa barazani, yeye na mimi na kaka yake mchumba. Upande mmoja tukaandika vya mke: kasha la bibi yake, sufuria tano, vitambaa vya kufuma, cherehani. Upande wa pili vya mume: godoro, ndoo, kitanda kitakachonunuliwa upatu wake ukifika, mwezi wa tano. Mkeka ukawa na mzozo kidogo, kwa kuwa alikuwa ameununua asubuhi ile ile kwa ajili yake. Nikamuuliza, wampa? Akasema nampa. Ukaandikwa upande wa mke, tukatia sahihi watatu, na ndoa ikawekwa Ijumaa inayofuata.

Wa billahi ttawfiq.